Mimi ni dereva wa dilivari, na jina hilo linanitosha

Kanta_ya_Mashariki:

Salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa ndani ya kanta, lori langu la mizigo, hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mzigo umeshashuka, namsubiri taniboi wangu, yaani msaidizi wa gari, amalize kukunja turubai.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba na watu wake, kwa wakwe zake upande wa Mukono. Sisi ni Wasamia wa Busia, anaoa kwenye kabila la Waganda. Tulipokuwa tunajipanga nje ya geti, kanzu tumevaa, vikapu viko tayari, msemaji wetu akapita kwa kila mmoja akiuliza amtambulishe vipi. Aliponifikia nikamwambia: dereva, napeleka mizigo madukani. Akashusha sauti. “Mzee, huko ndani kuna watu wakubwa. Nikisema wewe ni meneja wa usafirishaji kuna ubaya gani?” Nikamwambia upo. Mdogo wangu akanivuta pembeni akaniomba nikubali, maana siku ni yake. Na kweli ilikuwa yake, nikanyamaza. Nikatambulishwa kwa kazi ambayo sijawahi kuifanya, watu wakapiga makofi, nikasimama nikainama. Tangu hapo kuna kitu kimenikaa kooni, hakiteremki.

Basi naandika hapa yale ambayo ningependa msemaji ayaseme.

Huu ni mwaka wangu wa 16 kwenye usukani, na miaka 11 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye njia moja: kutoka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi. Nabeba sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, sabuni, viberiti, biskuti, majani ya chai. Vitu ambavyo vikiwepo dukani hakuna anayevifikiria, na vikikosekana siku mbili kijiji kizima kinavizungumzia.

Kazi inaanza kabla gari halijawaka. Anayekijua Kikuubo anakijua kile kichochoro: wachukuzi na magunia kichwani, mikokoteni, wateja, kila mtu anataka apishwe. Hapo katikati nasimama na karatasi mkononi, napanga gari. Duka litakaloshushiwa mwisho ndilo linapakiwa mwanzo. Magunia ya sukari na chumvi nayasogeza mbele, karibu na kichwa cha gari, kwa maana uzito ukilala nyuma usukani unakuwa mwepesi, gari linaelea, na mteremko wowote unakuwa hatari. Majerikeni ya mafuta yanasimama, hayalali. Biskuti na majani ya chai nayapeleka upande ulio mbali kabisa na sabuni, magunia yakae katikati yao.

Hili la sabuni nililipia. Niliwahi kupeleka biskuti zilizolala usiku mmoja ubavuni mwa sabuni ya unga. Katoni zilifika nzima, hesabu kamili, saini nikapewa. Wiki iliyofuata mama mwenye duka akafungua pakiti moja, akanipa nile. Ilikuwa na ladha ya nguo zilizofuliwa. Hakunigombeza. Alisema tu, “Watoto wamezirudisha.” Tangu siku ile sijamwachia mtu mwingine kazi ya kulipanga gari langu, hata nikiwa na homa.

Natoka saa tisa usiku ili niipite Mukono kabla jamu haijaamka. Namawojjolo nikipata mchomaji aliye macho nanunua gonja mbili, zile ndizi za kuchoma, moja yangu, moja ya kijana. Mabira nakuta ukungu. Lori likiharibika mle msituni, dereva hukata matawi na kuyatandaza barabarani yawe onyo, na akishatengeneza wengi huondoka na kuyaacha. Mimi nikikuta matawi yasiyo na gari nasimama pembeni, nawasha taa zote, tunayaondoa. Hakuna anayenilipa kwa hilo. Lakini nyuma yangu kuna pikipiki inakuja na taa moja hafifu, na aliyepanda ni mtoto wa mtu.

Halafu Nile. Walioanza kazi baada ya Oktoba 2018 hawaijui foleni ya kuvukia pale juu ya bwawa la Owen Falls, lililojengwa mwaka 1954. Daraja jipya lina mita 525, limeshikwa na nyaya kutoka juu, na mimi mara nyingi nafika hapo kunapambazuka. Nazima redio hadi nivuke. Sina maelezo, nazima tu.

Baada ya hapo ni mizani ya Magamaga, Iganga, na pale Nakalama nakata kushoto niingie Tirinyi. Vinamasi vya mto Mpologoma, mpunga umeanikwa kando ya lami, Budaka, Kamonkoli. Maduka yangu mengi yako kwenye kipande hiki, na ndipo wananijua zaidi kuliko watu wa mtaa wangu wanavyonijua.

Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona. Magari ya abiria yalisimamishwa kwanza, siku chache baadaye ya binafsi, kafyu ikaanza saa moja jioni. Sisi wa mizigo tukaruhusiwa kuendelea. Barabara ya Jinja ilikuwa tupu hadi unasikia mlio wa matairi yako mwenyewe. Lakini watu walituogopa, kwa sababu madereva wa malori waliokuwa wanaingia kupitia mipaka ya Malaba na Busia walikuwa wanapimwa na kukutwa na ugonjwa, na watu hawakutenganisha dereva na dereva. Kuna mahali nilinyimwa hata maji ya kunawa. Mwezi na nusu nililala ndani ya gari, sikuingia nyumbani. Pale Budaka kuna mama alikuwa akisikia honi yangu anatoa kigoda nje, anaweka sahani ya posho, yaani ugali, na maharage, anarudi nyuma hatua kumi, na tunaongea mimi nikila. Alikuwa anauliza habari za barabara, bei za Kampala, nani kafa. Kila wiki, kigoda kilekile. Yule mama aliniona mtu wakati ambapo wengi waliniona ugonjwa, na mimi sikumkosesha chumvi hata wiki moja.

Jambo la mwisho, na ndilo ningetaka wakwe walisikie. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo hapa Mbale. Watu zaidi ya 20 walikufa. Siku mbili baadaye niliingia na mzigo wa kawaida. Mteja wangu mmoja nilimkuta anasukuma tope nje kwa kipande cha ubao. Rafu za chini zote zimekwenda, sukari imekuwa maji, unga umekuwa udongo. Alipoliona gari akatikisa kichwa: “Dereva, rudi nao. Sina hata shilingi ya kuanzia.” Utaratibu ni kwamba hakuna pesa, hakuna mzigo. Nikampigia bosi, nikamweleza ninachokiona. Akakaa kimya muda, halafu akauliza, “Wewe unamjua?” Nikasema namjua miaka saba. Akasema, “Basi mshushie. Lakini andika kwa jina lako.”

Nikaandika kwa jina langu. Mzigo ule ulikuwa na thamani ya mshahara wangu wa miezi minne. Tukashusha tukiwa na tope hadi kwenye vifundo, katoni zikakaa juu ya meza kwa sababu hapakuwa na pengine. Usiku ule sikulala vizuri, sitasema uongo. Alimaliza deni katika wiki ya tano, yote, hata bila kupigiwa simu.

Meneja wa usafirishaji hakuwepo pale. Niliyekuwepo ni mimi, dereva wa dilivari. Ninyi wenzangu, mkiulizwa kazi yenu mbele za watu mnajibu nini?

Lori_Kaskazini:

Mzee wa Kanta, nimesoma yote mara mbili. Mimi njia yangu ni Gulu na Kitgum. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, sisi wa malori makubwa tukazungushwa kupitia Mbale na Soroti ndipo tutokee Lira. Ndipo nikaijua hiyo Tirinyi yako. Mafuta yaliisha mara mbili ya kawaida, siku ziliongezeka, lakini hakuna duka la Gulu lililofunga kwa sababu yangu. Hilo nawaambia wanangu. Nikiulizwa kazi najibu: naendesha lori. Sijawahi kuongeza neno.

Mhasibu_Ntinda:

Naheshimu ulichoandika, na nitasema ninachokiona kwa vitabu kwa sababu nakagua hesabu za kampuni kadhaa za usambazaji. Madereva wengi hawana mkataba wa maandishi. Katoni ikipotea, anakatwa dereva, hata kama upotevu ulitokea ghalani. Wengine wanalala chini ya gari kwa sababu posho ya malazi ni ndogo wanaipeleka nyumbani. Na hiyo habari ya kuandika deni la duka kwa jina lako imeniuma. Bosi alihamishia hatari ya biashara yake kwenye mshahara wako. Nakusifu moyo wako, lakini fahari isije ikawa ndiyo malipo yenyewe.

Kanta_ya_Mashariki:

Ndugu Mhasibu, umesema kweli na sitabishana na ukweli.

Kabla ya bosi huyu nilifanya kazi kwa mwingine. Nilikatwa miezi mitatu kwa katoni sita za mafuta ambazo hazikuwahi kupanda gari. Nilitia saini karatasi ya ghala bila kuhesabu kwa sababu mkaguzi alikuwa ananiharakisha, na baada ya saini sikuwa na mdomo tena. Pale ndipo niliondoka. Siku hizi nahesabu mwenyewe wakati wa kupakia, naandika idadi kwa mkono wangu kando ya idadi yao, halafu ndipo natia saini. Wanachukia, wanasema nawachelewesha. Wanasubiri.

Mkataba ninao, niliudai. Na ile sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliyorekebishwa mwaka 2022, inayomtaka kila mwajiri achangie hata akiwa na mfanyakazi mmoja, niliisoma, nikaiprinti, nikamwekea bosi mezani. Anachangia asilimia 10, mimi nakatwa 5. Kwa deni la lile duka sijutii, ila ungekuwa wewe ndiye mhasibu wetu siku ile ungemwambia bosi aandike jina lake, na ungekuwa sahihi.

Lakini nikuulize pia. Anayeona kazi yake ni ya aibu, anayejificha nyuma ya jina la meneja, ataanzia wapi kudai mkataba? Nilianza kudai siku nilipoacha kuona kwamba niko hapa kwa muda tu, nikisubiri kazi ya maana.

Mhasibu_Ntinda:

Hilo nimelipokea. Na hiyo ya kuandika idadi kando ya idadi yao, kila dereva anayesoma hapa aichukue.

Sampuli_Milimani:

Mimi si wa gari, ni wa pikipiki, na sijawahi kuandika humu. Nabeba sampuli za maabara. Nazunguka vituo vya afya vya huku milimani, nachukua makohozi ya kupima kifua kikuu, damu, na zile kadi za matone ya damu za watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya Ukimwi. Napeleka hospitali ambayo ndiyo kituo chetu kikuu, na zile zinazohitaji vipimo vikubwa zinaendelea hadi maabara kuu ya taifa Butabika, Kampala. Majibu nayarudisha mimi.

Vile vichupa havina majina ninayoweza kuyasoma, vina namba. Lakini barabara za huku ni za udongo mwekundu, mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni, na kila ninapoanguka nafikiria boksi kabla ya goti. Mwaka juzi nilianguka kwenye mteremko, boksi nimelikumbatia kifuani, bega likachubuka hadi nyama. Nikafungua pale pale nihakikishe. Kichupa hakijapasuka hata kimoja, barafu bado iko. Nikakaa chini kando ya barabara, nikalia, si kwa maumivu.

Kuna mama aliwahi kuniuliza kituoni, “Wewe ndiye unayeleta karatasi?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Ya mtoto wangu ilirudi safi.” Akanipa ndizi tatu kwenye mfuko. Watu mtaani wananiita boda. Sikasiriki, maana neno lenyewe lilizaliwa hukuhuku mpakani, kwa wale waliokuwa wanavusha watu na mizigo kwa baiskeli. Lakini nikiulizwa kazi, najibu: napeleka sampuli.

Lori_Kaskazini:

Kijana, Mungu akulinde na hizo barabara.

Duka_la_Tororo:

Mimi niko upande wa pili wa hizo karatasi mnazosainisha. Nina duka, nimelirithi kwa mama yangu. Nataka madereva wajue jambo ambalo hatuwaambii. Honi yenu naijua. Nina wasambazaji watano na kila dereva ana honi yake. Nikisikia ya yule wa unga, nasimama kabla hajafika. Mzigo ukichelewa siku moja, mteja wangu anavuka barabara kwenda kwa jirani, na akishavuka kumrudisha ni shida.

Kuna dereva mmoja ananiletea sukari. Akikuta gunia limetoboka njiani ananiambia mwenyewe kabla sijaliona, tunalipima, tunaandika. Kuna mwingine hugeuza upande wa tundu chini. Wote wawili wanalipwa sawa, pengine. Yule wa kwanza namwachia funguo za stoo niende kumnyonyesha mtoto. Mdogo wako angekuja kuniuliza mimi akutambulishe vipi, ningemwambia.

Dada_wa_Wakwe:

Nimeolewa Mukono na nimekaa kwenye kwanjula nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kaka, niruhusu niwatetee kidogo wakwe. Tunaokaa ndani tunayasikia hayo majina makubwa kila wiki: mkurugenzi, mhandisi, meneja. Hayatuingii. Tunachotazama ni kama mtu aliyetajwa anaonekana ametulia ndani ya jina lake. Siku mtu alipotajwa kama fundi viatu, tena wa miaka 20, mzee wa nyumba alimwita mbele akamwonyesha kiatu chake. Ukumbi wote ulifurahi. Kwa hiyo usidhani kwamba ukweli ungewaaibisha wenzako.

Kijana_Iganga:

Mzee, shikamoo. Nina umri wa miaka 22, nina leseni ya daraja B. Nataka kuingia kwenye kazi hii lakini nyumbani wanasema nimesoma hadi diploma, nitapotea. Nianzie wapi?

Kanta_ya_Mashariki:

Marahaba kijana wangu. Leseni utaipandisha hadi CM, ya magari ya mizigo ya kati, lakini usikimbilie usukani. Tafuta dereva mzuri uwe taniboi wake kwa mwaka mmoja. Utajifunza kufunga turubai: kamba inaanzia mbele, inavutwa kinyume na upepo, na fundo linakaa upande wa kushoto ili ukilikagua njiani usisimame upande wa magari. Utajifunza kusikia breki zinapopata moto kabla hazijanuka. Utajifunza nani anapokea mzigo kwa tabasamu na halipi, na nani ananuna na analipa siku hiyo hiyo.

Jifunze pia kuongea na watu. Mbale kwenye soko moja nakutana na Mgisu, Mgwere, Mwiteso, Msomali wa duka la jumla, na wote tunaelewana kwa Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipoidhinisha kitumike kama lugha rasmi, sisi wa barabarani tulikuwa tumeshakula nacho miaka mingi. Kuna wazee ambao bado wanakisikia wakikumbuka wanajeshi waliokitumia, bunduki na vizuizi vya barabarani, na nawaelewa, waliumia. Mimi nikikisikia nakumbuka watu wakihesabu katoni.

Na diploma yako haitapotea. Nina karatasi za ankara, za mizani, za bima, za kodi. Dereva anayesoma vizuri hatapeliwi ghalani. Nyumbani wape muda. Baba yangu alichukua miaka tisa kabla ya kuniuliza njia ikoje.

Kijana_Iganga:

Asante sana mzee. Kesho nitakwenda pale stendi ya malori kuulizia.

Lori_Kaskazini:

Mzee wa Kanta, na mdogo wako umeshaongea naye? Maana hili la kooni haliishi kwa kutuandikia sisi.

Kanta_ya_Mashariki:

Nimeongea naye jana usiku. Mtu alimtumia huu uzi, akajua ni mimi kwa sababu ya zile biskuti, hadithi ile aliwahi kunisikia nikimsimulia mama. Alinipigia nikiwa Iganga. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Aliniuliza lile deni la Mbale lilikuwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, halafu akasema mwaka ule wa 2022 mwezi wa nane ndio nilimlipia ada ya muhula wa mwisho wa chuo. Nikamwambia ndiyo. Akauliza nililipaje wakati mshahara wangu wote ulikuwa umefungwa kwenye mzigo wa mtu. Nikamwambia nilikopa kwa taniboi.

Hakujua. Sikuwahi kumwambia, na sijui kama nilifanya vizuri kumwambia jana kwenye simu badala ya uso kwa uso.

Harusi ni Desemba. Ameniomba nikabebe viti na mahema kwa kanta. Msemaji ni yule yule.

Niko Mbale tena leo, mzigo umeshuka, turubai limekunjwa, kijana ameshapanda. Narudi Kampala, saa tisa usiku kesho kutwa natoka tena. Duka la Tororo, kama unatumia unga wa kampuni yetu niambie honi yako unaitaka ipigwe mara ngapi.